Maji ya Jirani na Shimo la Mchimbaji

Iko hoja moja ambayo watu wenye busara hawajapatana juu yake, nayo yafaa ifikiriwe na kila mtu anywaye maji, yaani na sisi sote. Mtu amepewa ardhi kwa haki. Hati anayo, kodi amelipa, wala hakuvuka mpaka wa mtu hata kwa upana wa kidole. Katika ardhi hiyo achimba njia kwenda chini, kutafuta makaa ya mawe. Mwaka wa pili kisima cha jirani yake, kilichowanywesha babu na wajukuu, chakauka. Au hakikukauka, bali maji yake yamegeuka rangi ya kutu na kuwa makali katika ulimi. Je, mchimbaji huyu amemkosa jirani yake? Hakuiba kitu, wala hakutia sumu, wala hakumnenea neno baya. Alichimba kwake.

Wengine hujibu upesi kwamba hana kosa, maana kila mtu ni bwana wa chake. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba ana kosa kubwa, na yafaa afukuzwe. Majibu ya upesi mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye kisima chake kina maji, au kwa mtu ambaye hahitaji makaa. Basi na tuende polepole.

Kwanza yatupasa kujua jinsi maji yakaavyo chini. Watu wengi hudhani ya kuwa chini ya ardhi kuna mito na maziwa kama ya juu, na kwamba kisima ni mlango wa ziwa hilo. Pengine huwa hivyo, katika nchi ya mawe ya chokaa; lakini mahali pengi maji hukaa katika mchanga, na katika nyufa na vitundu vya mwamba, kama yakaavyo katika sifongo. Mvua hunywewa na ardhi, hushuka kidogo kidogo, hujaza vitundu hivyo, kisha huenda polepole kuelekea mahali pa chini zaidi, mpaka yatoke katika chemchemi au kando ya mto. Mwendo huo waweza kuwa wa miaka mingi. Maji haya hayajui mawe ya mpaka. Maji yaliyo chini ya shamba langu leo yalikuwa chini ya shamba la mwingine jana, na kesho yatakuwa chini ya shamba la mtu wa tatu.

Sasa mchimbaji aingia. Shimo lake likishuka chini ya usawa wa maji, maji ya pande zote huanza kulielekea, maana ndipo palipo chini. Yeye hawezi kufanya kazi ndani ya maji. Kwa hiyo huweka pampu, nazo huvuta usiku na mchana. Kadiri zinavyovuta, ndivyo usawa wa maji unavyoshuka pande zote, mfano wa umbo la faneli, na kila kisima kilichomo katika faneli hiyo hupungukiwa. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni hii: makaa yakisha kuondolewa, dari ya mgodi hubaki bila nguzo au kwa nguzo chache. Mahali pengine dari huachwa ianguke makusudi baada ya mashine kupita. Ikianguka, miamba ya juu hupasuka, na nyufa zaweza kufika hata chini ya kijito; nacho kijito kilichotiririka tangu zamani hupotea kama maji yaliyomwagwa katika kikapu. Njia ya tatu ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani mapema. Makaa mengi yana ndani yake jiwe la chuma na kiberiti, ling'aalo kama dhahabu. Likiwa limelala chini bila hewa, halidhuru mtu. Likifunuliwa kwa hewa na maji, huzaa maji makali ya asidi, na maji hayo huyeyusha chuma na madini mengine ya mwamba, kisha hutoka nje yakiwa mekundu, na samaki hawayawezi.

Msomaji wa Kihonda aweza kuuliza, Haya yanipasaje mimi? Milima ya Uluguru haina migodi ya makaa. Ni kweli. Makaa ya mawe ya nchi yetu yako kusini na kusini-magharibi: kule Kiwira, penye mgodi wa chini ya ardhi uliojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1980, ambao baadaye ulisimama muda mrefu, kisha ukawekwa chini ya shirika la madini la taifa, STAMICO, na kule Ngaka katika Mbinga, ambako huchimbwa kwa shimo la wazi, na Mchuchuma katika Ludewa, na mahali pengine. Maji ya pande zile huelekea Ziwa Nyasa, wala hayatufikii sisi. Lakini makaa yenyewe yatufikia. Mwaka 2016 serikali ilikataza makaa ya nchi za nje yasiingizwe, viwanda vitumie ya hapa. Na makaa ya Ngaka huchukuliwa kwa malori mwendo mrefu hata kwenye viwanda vya saruji. Saruji haipatikani bila moto mkali. Basi tazama nyumba zinavyoongezeka Kihonda mwaka hata mwaka, tofali juu ya tofali. Nani kwetu awezaye kusema kwa hakika kwamba katika kuta zake hamna moto wa makaa hayo? Nasi hatujui ni kisima cha nani kilichotoa maji yake ili mchimbaji apate pa kusimama. Kwa hiyo shauri hili ni letu pia, wala si la wenyeji wa kule peke yao.

Tena kuna sababu ya pili, nayo iko mlangoni. Kihonda hunywa maji yaliyotoka kwa wengine. Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 juu ya mto Ngerengere, ndilo linaloulisha mji wa Morogoro sehemu kubwa ya maji yake; na bwawa hilo hujazwa na mito kama Mzinga na Mlali ishukayo kutoka milimani. Neno lolote lifanywalo juu, liwe shamba katika mteremko, au moto katika msitu, au shimo la mchimbaji, hushuka kwetu likiwa tope au likiwa uhaba. Watu wa Kihonda wajua maana ya bomba lisilotoa kitu, na ndoo zilizopangwa mstari, na mkokoteni wa muuza maji. Wao hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba maji ni mali. Lakini yafaa wakumbuke na hili: Ngerengere hauishi Mindu. Waondoka hapo, wapita kando ya mji wetu, wapokea uchafu wetu na wa viwanda, kisha waenda kuungana na Ruvu. Na Ruvu hunyweshwa watu wa Dar es Salaam. Basi sisi ni watu wa chini kwa watu wa Mlali, nasi ni watu wa juu kwa watu wa pwani. Mtu akinung'unikia walio juu yake, na ageuke kidogo atazame walio chini yake.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anena juu ya kondoo wanene waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga yaliyosalia kwa miguu yao, hata wenzao wakalazimika kunywa matope. Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba kondoo hao hawakukemewa kwa sababu ya kunywa. Kunywa ni haki yao. Walikemewa kwa sababu ya miguu.

Shauri hili si geni wala halikuanza na mashine za siku hizi. Wasomaji wetu wajua ya kuwa Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Mansfeld, kwa kuwa baba yake alitafuta riziki katika kazi ya shaba. Fedha iliyomsomesha mtoto ilitoka katika shimo na tanuru. Sisemi haya ili kumtia aibu mtu. Nasema ili tusijifanye kama kwamba uchimbaji ni kazi ya watu wabaya tu. Basi katika nchi zile zile, mwaka 1556, kilitokea kitabu kikubwa cha Georgius Agricola juu ya kazi ya madini, De re metallica. Agricola alikuwa tabibu katika mji wa wachimbaji, aliwapenda, naye aliandika ili kuitetea kazi yao. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alianza kwa kuyataja mashitaka ya wapinzani wake: kwamba mashamba yaharibiwa, kwamba misitu yakatwa, na kwamba maji yaliyooshea mawe ya madini hutia sumu vijito, samaki wakafa au wakakimbia. Hayo aliyaandika karibu miaka 500 iliyopita. Nawe waweza kuyasikia leo katika mkutano wa kijiji, karibu kwa maneno yale yale.

Naye alijibuje? Miongoni mwa majibu yake liko hili, kwamba kwa faida ya madini watu wa milimani waweza kununua ndege, wanyama na samaki kutoka kwingine, wakaletewa. Yaani, kilichopotea chaweza kununuliwa, na bado fedha ikabaki. Jibu hili halikufa na Agricola. Ndilo lisemwalo mpaka leo kila mahali ambapo shimo lafunguliwa: mtalipwa.

Nakiri kwamba jibu hili lina nguvu kuliko wengi wetu tupendavyo kukubali. Nchi maskini haiwezi kuacha mali yake yote ilale chini. Shule, zahanati, barabara, vyote vyataka fedha. Mtu asemaye kwamba jiwe lolote lisiguswe, na aeleze kwanza mtoto wa fundi wa mgodini atakula nini. Lakini hoja ya Agricola ina shimo lake yenyewe. Ni nani afanyaye faida, na ni nani apotezaye samaki? Kama ni mtu mmoja, basi amefanya biashara, naye ajua hesabu yake. Kama ni watu wawili, mmoja apata shaba na mwingine akosa samaki, hiyo si biashara mpaka yule wa pili aulizwe na kukubali. Fedha iliyo mfukoni mwa mwenye mgodi haimnunulii samaki mvuvi, ila ikitoka mfukoni humo.

Tena maji si kama samaki. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana naona watu wengi hupapita. Kisima kikikauka, mchimbaji mwema huleta boza. Maji ya boza yaweza kuwa safi kuliko ya kisima, na mengi kuliko ya kisima. Ukipima kwa lita, mwenye kisima hakupungukiwa na kitu. Mbona basi hana furaha? Je, ni mtu asiye na shukrani? Sivyo. Jana aliamka alfajiri akateka maji bila kumwomba mtu. Leo amngoja dereva. Dereva akiugua, au gurudumu likipasuka, au kampuni ikiuzwa, yeye hana maji. Tena akiwa na neno la kuilaumu kampuni, atalimeza, maana boza ni lao. Alichopoteza si lita. Amepoteza hali ya mtu asimamaye mwenyewe penye jambo la uhai. Kitu hicho hakina bei sokoni, nacho hakimo katika karatasi za fidia. Mtu wa Kihonda anunuaye maji kwa ndoo ajua tofauti hiyo vizuri kuliko mwandishi yeyote.

Kwa hiyo naona fidia ina daraja zake. Daraja la chini ni fedha mkononi. Lililo bora ni maji mengine yaliyo sawa na ya kwanza kwa wingi na kwa usafi. Lililo bora zaidi ni maji mengine ambayo aliyepewa aweza kuyateka kwa mkono wake bila kumngoja aliyempotezea, na bila kulipia gharama ambayo kisima chake cha zamani hakikuwa nayo. Na panapo chemchemi moja tu ya watu wengi, wala hapana ya pili, hapo hapana fidia yoyote. Mwenye mgodi angeleta nini? Mahali hapo pasichimbwe.

Torati, katika Kutoka 21, yaamuru hivi: mtu akifunua shimo au akichimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa thamani yake, na mnyama aliyekufa atakuwa wake. Sheria hiyo haimwulizi mwenye shimo kama alikuwa na nia mbaya. Haimwulizi kama shimo lilikuwa katika ardhi yake. Yauliza neno moja tu, kama shimo ni lake. Mimi naona hapo ndipo lilipo jibu la hoja yetu ya kwanza. Tulipouliza kama mchimbaji amemkosa jirani, tulichunguza moyo wake na hati zake, tukaviona safi vyote viwili. Kumbe wajibu wa kulipa hautoki katika moyo mbaya peke yake. Watoka katika shimo. Mtu aweza kuwa hana dhambi naye akawa na deni.

Lakini ni rahisi kusema kwamba mwenye shimo atalipa. Ng'ombe aliyetumbukia aonekana ndani ya shimo. Ushahidi ni pembe zake. Maji yaliyotumbukia hayaonekani. Mwenye kisima asema, Mgodi umekausha maji yangu. Mgodi wajibu, Hapana, ni mvua chache, au kisima chako kilikuwa kibovu, au jirani yako amechimba kingine. Nani athibitishe? Kwa desturi ya mahakama alalamikaye ndiye athibitishaye. Desturi hiyo ni njema katika mambo mengi, kwa kuwa yatukinga na washitaki waongo. Katika jambo hili, hata hivyo, yamtaka mtu mwenye jembe aeleze mwendo wa maji katika mwamba usioonekana, mbele ya kampuni yenye wataalamu wa miamba, ramani na mawakili. Huko ni kumshinda mtu kabla hajafungua kinywa.

Nchi moja iliyochimba makaa chini ya ardhi muda mrefu ilifika mahali ikaigeuza desturi hiyo. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, sheria ilirekebishwa mwaka 1994: kisima au chemchemi ikiharibika ndani ya eneo lililopimwa kwa pembe maalumu kutoka ukingo wa machimbo, yadhaniwa kwamba mgodi ndio sababu, na mgodi ndio utakaothibitisha kinyume, la sivyo ulete maji mengine yanayotosha. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1992, sheria ya taifa zima ilikuwa imekwisha kuwaamuru wachimba makaa wa chini ya ardhi warudishe maji ya nyumba waliyoyaharibu. Visima havikuacha kukauka kwa ajili ya sheria hizi, wala malalamiko hayakwisha. Lakini mzigo wa kuthibitisha ulihamishwa ukawekwa juu ya bega pana, nami sioni haki gani ingeweza kusema vingine.

Iko sehemu nyingine ya deni ambayo ni ngumu zaidi, nayo ni urefu wa siku. Mgodi una mwisho. Maji hayana mwisho. Mwaka ule makaa yaishapo, au bei ishukapo, pampu huzimwa, malango hufungwa, wenye kazi huondoka. Hapo chini maji huanza kupanda tena katika vyumba vitupu, yakioga mawe yale yaliyofunuliwa. Hupanda miaka mingi bila kuonekana na mtu. Kule Afrika ya Kusini, katika nchi ya dhahabu ya Witwatersrand, iliyochimbwa tangu 1886, maji ya asidi yalianza kutoka juu ya ardhi karibu na Krugersdorp mwaka 2002, baada ya pampu za migodi ya upande ule kunyamaza. Wengi wa waliopata dhahabu ile walikuwa wamekufa zamani. Sasa ni nani wa kulipa? Serikali, yaani kodi ya watu ambao hawakupata dhahabu. Hapa hapana jibu zuri ila moja, kwamba fedha ya kutunza maji baada ya mgodi kufungwa iwekwe amana kabla ya kazi kuanza, wakati mchimbaji angali na hamu ya kuingia. Akiisha kutoka, utamshika wapi?

Wales nao wana habari yao, yenye huzuni. Kijijini Aberfan takataka za mgodi wa makaa zilikuwa zikirundikwa mlimani juu ya kijiji, na rundo moja liliwekwa juu ya chemchemi. Chemchemi hiyo haikuwa siri. Wenyeji walikuwa wameonya. Tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, rundo lililolowa likateremka juu ya shule. Watu 144 wakafa, na 116 kati yao ni watoto. Baraza lililochunguza lililaumu halmashauri ya taifa ya makaa. Lakini marundo mengine yalipotakiwa kuondolewa mlimani, paundi 150,000 zilichukuliwa katika sadaka ambazo watu wa dunia waliwatumia wafiwa. Hazikurudishwa mpaka mwaka 1997. Nimeitaja habari hii, ijapokuwa si ya visima, kwa sababu yaonyesha mambo mawili pamoja: maji yaliyodharauliwa chini ya rundo, na mzigo uliotwishwa wale wale walioumizwa.

Sasa na niseme na upande wetu sisi tunywao maji, maana si haki kumhukumu mchimbaji peke yake. Uluguru umewahi kuona jinsi ulinzi wa maji uwezavyo kuwa jeuri. Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hii, ili udongo usiendelee kuporomoka na mito isiharibike. Nia ilikuwa njema, na udongo kweli ulikuwa ukiporomoka. Lakini watu walilazimishwa kukata matuta ya ngazi katika mashamba yao kwa jasho lao, siku nyingi za kazi, na mahali pengine matuta hayo yaliufukia udongo mzuri na kufunua ulio mbaya. Mwaka 1955 ghasia zikatokea upande wa Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Watu wa chini walitaka maji safi na wa juu walitakiwa kuyalipia, bila kuulizwa.

Zaidi ya miaka 50 baadaye jambo lingine lilijaribiwa katika milima ile ile. Mashirika ya CARE na WWF yaliwaongoza wakulima wa Kibungo Juu kukata matuta na kupanda miti, na watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, yaani kampuni ya maji ya mji na kiwanda cha soda, wakachangia malipo ya wakulima. Fedha hazikuwa nyingi. Lakini angalia tofauti: matuta ni yale yale, mteremko ni ule ule; safari hii mkulima alikuwa mtu mwenye kitu cha kuuza, wala si mkosaji wa kuadhibiwa. Mimi naona kwamba amtakaye mchimbaji wa makaa alipe deni la maji ni lazima awe tayari naye kumlipa mkulima ayatunzaye. Kanuni ni moja. Atakaye kuitumia upande mmoja tu ana faida yake anayoitafuta.

Kuna na wachimbaji wadogo. Milima ya Uluguru imetobolewa tangu siku za Wajerumani kwa ajili ya ulanga, yale mawe ya magamba yang'aayo, na baadaye kwa ajili ya rubi upande wa Matombo. Na vijana hutafuta dhahabu katika mchanga wa mito yake. Kijana huyo hana pampu wala wakili. Huchimbua ukingo, huvuruga maji, na akitumia zebaki kuishika dhahabu, huacha mtoni kitu kibaya kuliko tope. Wengine husema, Mwacheni, ni maskini. Neno hili lina huruma, lakini wanywao maji yake chini ya mto nao ni maskini, na zebaki haiulizi. Hata hivyo sioni kwamba yafaa ahukumiwe sawasawa na mwenye mgodi mkubwa. Huyu wa kwanza aondolewe mtoni na kuonyeshwa mahali pengine na njia nyingine ya kazi. Huyu wa pili alipe. Ajabu ni kwamba mara nyingi twafanya kinyume: kijana hufukuzwa kwa fimbo, na kampuni huandikiwa barua.

Sheria zetu hazikosi maneno mazuri. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kuharibu ndani ya meta 60 za ukingo wa mto, bwawa au ziwa, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 yaruhusu maeneo ya vyanzo yatengwe na kulindwa. Hapa Morogoro iko ofisi ya bonde la Wami na Ruvu, yenye kazi ya kutoa vibali vya maji. Lakini meta 60 ni kipimo cha macho, kipimo cha mtu asimamaye juu ya ardhi na kamba yake. Shimo lishukalo meta 200 laweza kuwa mbali na mto kwa meta 1,000 nalo likaufikia kwa chini. Kwa migodi ya chini ya ardhi, ulinzi wa kweli wataka upimwe kwa mwendo wa maji yenyewe, sio kwa hatua za miguu.

Na kipimo hicho hakianzi siku ya malalamiko. Katika sheria ile ya Pennsylvania kuna mlango ambao mgodi waweza kutokea: ukionyesha kwamba mwenye kisima aliukatalia kuja kupima maji yake kabla ya kazi, au kwamba maji yalikuwa na ubovu ule ule tangu mwanzo, dhana ile yaanguka. Kumbe hata penye sheria nzuri, asiye na hesabu ya maji yake ya jana hawezi kudai sana leo. Hesabu hiyo si lazima ifanywe na mtaalamu. Kamba iliyofungwa jiwe, ikashushwa kisimani mpaka iguse maji, ikapimwa kwa meta mara moja kila mwezi, masika na kiangazi; chupa ya maji iliyopelekwa kupimwa walau mara moja kwa mwaka; na daftari lililoandikwa tarehe, kina, rangi na ladha, likatiwa sahihi na watu wawili. Visima vilivyochimbwa katika nyua za Kihonda ni vingi. Madaftari ya namna hiyo ni machache sana, nayo gharama yake haizidi bei ya ndoo chache za maji.